Asubuhi Walipolitupa Jina la Mama

Mama yangu anaamini kwamba baba alimwita kutoka jukwaani, mbele ya umati wa watu, asubuhi moja ya baridi upande wa Karavia, hapa Lubumbashi. Ameliamini hilo tangu nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno. Sasa nimejua kwamba aliyemwita hakuwa baba. Sikuchunguza wala sikuuliza. Niliambiwa kwa kicheko, uso wangu ukiwa mweupe kwa poda ya talki, na tangu siku hiyo nalala macho wazi nikiligeuza swali moja: nimwambie, au nimwache na asubuhi yake?

Mchana swali hili ni dogo. Nikizima taa linaanza kuzaa mengine. Nikimwambia, je, nitakuwa nimemuua baba mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe? Nikinyamaza, je, si mimi sasa ninayemfunga mama katika nyumba hii inayovuja, ambayo hakubali kuihama, yenye kufuli ambayo hakubali ibadilishwe ili mwenye ufunguo wa zamani asije akakwama nje? Na nikichelewa? Jumapili Papa Kambale anakuja kuchukua jibu lake.

Papa Kambale ni mtu wa Kivu Kaskazini, anauza maharage na unga kwa jumla, na alifiwa na mke wake zamani. Alimwomba mama waoane, akakataliwa kwa upole, akangoja, akaomba tena. Sasa anahamishia depo yake Mokambo, mpakani, na amesema hii ndiyo mara ya mwisho. Hakusema kwa hasira. Alisimama uani kwetu, kofia mkononi, akamwita mama kwa jina langu.

"Mama Nadège, miye siko mutoto. Uniambie tu ndiyo ao hapana, nitaelewa."

Mama alimjibu kwamba atafikiri. Namjua mama. Kwake kufikiri ni kukataa polepole.

Yote yalianza upya na harufu. Siku ya kutangazwa matokeo yangu ya chuo, rafiki zangu walinimwagia talki kichwani na usoni, kama ilivyo desturi yetu kwa aliyefaulu, nikarudi nyumbani kama mzimu anayecheka. Mjomba wangu alikuwa ameshatandaza turubai uani na kuwasha jenereta yake kwa ajili ya muziki. Turubai lililochomwa na jua, petroli, makala, yaani makaa, ya kuchomea nyama: harufu hizo tatu ziliniingia puani kwa pamoja, nikasimama mlangoni. Watu walikuwa wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa namwona mama ameketi mkekani kule Karavia, mdomo wazi.

Baba alikuwa dereva wa malori. Alivuka mpaka kwenda Zambia na zaidi, na alirudi na sabuni zenye harufu ya machungwa na biskuti ambazo mama alizificha juu ya kabati nisizile zote. Msimu mmoja wa mvua lori lake lilikutwa limeingia mtoni chini ya daraja, mbali sana na kwetu. Mahali pa dereva palikuwa patupu na mlango ulikuwa wazi. Maji yalikuwa mengi. Walimtafuta, hawakumpata. Ndugu zake wakangoja, wakachoka kungoja, wakafanya matanga. Katikati ya sebule, mahali ambapo lingekaa jeneza, waliweka kiti, na juu ya kiti koti la baba la rangi ya kahawia. Watu waliingia, wakalitazama koti, wakalia. Nilidhani koti limefanya kosa. Nililihurumia, na walipokwenda kula nililifuta mikono kwa kitambaa.

Taa za matanga hayo zililetwa na mdogo wake mama, Tonton Delphin. Alikuwa fundi umeme, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani kilikuwa jenereta moja nyekundu, ambayo mjini kwetu kila mtu angeiita groupe. Aliipeleka kwenye harusi, ibada na misiba. Wakati wa baridi aliifunika blanketi, na mama alimwambia kwamba siku akioa, mke wake atalala sakafuni na groupe italala kitandani.

Hayo mama aliyasema kabla ya msiba. Baada ya msiba hakutania tena. Matanga yalipoondolewa alivua nguo nyeusi, lakini aliendelea kuzungumza kama mtu aliye katika chumba cha pili. Ndiyo maana Tonton alipopata kazi ya kuwashia taa wauza nyama ya brochette, yaani mishikaki, kwenye konseti ya mwimbaji mmoja mkubwa kutoka Kinshasa, alikuja nyumbani akiwa ameshaamua.

"Yaya, tutoke," alimwambia mama, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. "Unakaa mu nyumba kama valise ya nguo."

"Miye mujane, nitafuata nini ku konseri?"

"Matanga banaitosha déjà. Tutaingilia ku mulango ya ba mama ya brochette. Utakaa pembeni ya groupe yangu, hakuna muntu atakuona."

"Na mutoto?"

"Mutoto njo anataka kutupita wote."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa tayari nimevaa viatu.

Uwanja ulikuwa wa wazi, umezungukwa na ukuta mrefu, na jukwaa la mbao lilisimama upande mmoja. Kando ya jukwaa yalipangwa mabafle, yaani spika, makubwa kuliko makabati ya nguo. Tulifika mchana. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya wauza nyama, chini ya kipande cha turubai ambacho Tonton alikifunga kwenye nguzo mbili. Jua likashuka na jukwaa likabaki tupu. Kisha mtu akapanda na kipaza sauti akaeleza kwamba mwimbaji amekwisha kufika mjini, yuko hotelini, hana tatizo. Tatizo ni lori la vyombo, limekwama Mokambo. Litafika. Akaongeza kwamba anayetoka getini hataingia tena.

Watu walipiga miluzi, wakamtukana mama yake, kisha wakaanza kutandika.

Sijawahi kuona tena jambo kama lile. Wanawake waliovaa kama wanakwenda harusini walifungua vikwembe, vile vitenge vya kiunoni, na kuvigeuza mashuka. Vijana walipasua makatoni ya bia. Kuna bwana mmoja mnene mwenye suti nyeupe aliyevua suruali, akaikunja vizuri kwa mistari yake, akailalia ili isipoteze pasi, akajifunika kikwembe cha mke wake mpaka kidevuni. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na baridi ya Lubumbashi msimu huo inakaa ndani ya mifupa. Kila mahali mbabula, majiko ya makala, ziliwaka nyekundu, na moshi ulitanda chini chini kama uwanja wote unapika kitu kimoja.

Kwangu ilikuwa furaha tupu. Sikujua kwamba watu wakubwa wanaruhusiwa kulala nje wote pamoja.

Jirani yetu wa mkeka alikuwa mama mmoja muuza chikanda, kile chakula cha mizizi na karanga kinachokatwa vipande kama mkate. Alikuwa na mdomo usiochoka. Alimwuliza mama anatoka wapi, mume yuko wapi, mbona anakula kama ndege. Mama alijibu la kwanza tu: Kipushi. Yule mama akaelewa, akahamia kwangu.

"Weye mutoto, unajua kesho batatupa ma jina?"

Nilimwuliza jina linatupwaje. Nilidhani ni kama jiwe.

"Njo vile vile," akasema. "Ule muntu wa kupiga kelele mu micro, anaita ma jina ya bantu katikati ya mwimbo. Weye unajua atalitupa gani? Hujui. Muntu mwenye anakupenda njo anaendaka kumuomba: umutupie fulani. Hata kama iko mbali. Hata kama mulikosana. Unashikwa tu na jina yako mu hewa, paf, unasema, kumbe huyu iko ananifikiri."

Mama alikuwa anasikiliza. Najua kwa sababu aliacha kunisugua miguu.

Baadaye, tulipojifunika wote wawili kikwembe kimoja na blanketi la groupe, alicheka kidogo gizani. Aliniambia kwamba baba alikuwa na jina lake la kumwita. Siku ya kwanza kumpikia, aliogopa sana hata akatia chumvi mara mbili kwenye samaki. Baba alikula samaki wote, akanywa maji mtungi mzima, na tangu hapo akawa anamwita Munyu ya Kipushi. Munyu kwetu ni chumvi. "Lakini mu chumba tu," mama alisema. "Hakuna muntu mwingine anajua. Weye njo wa kwanza." Nilijiona nimepewa kitu cha kushika. Nililala nikiwa nimefumba kiganja.

Lori lilifika pamoja na jua. Ilikuwa Jumapili, kwa mbali tulisikia ngoma za kanisa, na hapa watu walikuwa wanaamka na nyuso zenye alama za mikeka, wanasafisha meno kwa vidole, wanatafuta viatu. Yule bwana alivaa suruali yake na mistari ilikuwa bado imesimama. Watu walimpigia makofi. Vyombo vikapandishwa haraka. Kisha jenereta kubwa ya jukwaa ikakataa kuwaka. Walijaribu, ikakohoa. Walijaribu tena, ikanyamaza. Miluzi ikaanza upya. Tonton, ambaye usiku kucha alikuwa amewasha taa za wauza nyama, alizima groupe yake, akavua koti, akawaambia vijana wawili wamsaidie kuibeba. Alipita mbele yetu akikonyeza jicho.

"Yaya, tazama. Leo groupe yetu inaenda kuimba."

Ikawaka. Gitaa likapasua ile asubuhi, na umati wote ukasimama mara moja. Sikuwa nimewahi kuona muziki mchana kweupe. Nilidhani ni kitu cha usiku, kama ndoto. Pale nilimwona mwimbaji ana jasho, viatu vyake vina vumbi kama vyangu, na pembeni yake yupo yule mtu wa kuita majina, tunayemwita atalaku, mwembamba, mwenye miwani ya jua, anayerukaruka na kutapika majina ya matajiri, majina ya maduka, majina ya wapenzi. Kila jina liliposhuka, mahali fulani katika umati palikuwa na kelele, kama jiwe limeangukia maji.

Mama alikuwa anakula kitumbua. Alikuwa anatikisa mguu, kidogo tu, kisigino. Nilikiona hicho kisigino nikafurahi.

Ndipo yule mtu akasema: "Munyu ya Kipushi. Munyu ya Kipushi, uko wapi? Kuko muntu hapa anakusalimia. Anasema usilie tena."

Alilirudia. Gitaa likapita chini ya jina, likalinyanyua.

Shuleni kwetu, mwalimu akiita jina unasimama na kujibu, la sivyo umeandikwa umekosa. Nilikuwa mwanafunzi mwenye hofu, na hofu hiyo bado ninayo. Mama alikuwa haitiki. Nilisimama juu ya mkeka nikapiga kelele kwa niaba yake, "Présente," yaani nipo, kwa sauti yangu yote, mkono juu.

Watu walicheka. Mama wa chikanda alipiga makofi. "Kumbe ni weye? Simama, mama, bakuone."

Mama hakusimama. Kile kitumbua hakukiangusha. Alikifinya mpaka mafuta yakapita kati ya vidole na kushuka kwenye kiwiko. Mdomo wake ulikuwa wazi. Rangi ya uso wake iliondoka, kwanza midomoni, kisha mashavuni, na macho yakabaki peke yake. Nilikuwa nimemwona akilia mbele ya koti, lakini uso huu sikuwa nimeuona. Nilidhani anakufa, na kwamba nimemuua mimi kwa kujibu vibaya.

"Iko wapi?" alisema. Hakuniuliza mimi. "Iko wapi? Iko wapi?"

Nilijua jibu. Jina lilitoka kwenye bafle, kwa hiyo baba yuko nyuma ya bafle. Lilikuwa jambo rahisi kabisa. Nilichomoka mkekani, nikapita kati ya miguu ya watu, chini ya kamba, mpaka nyuma ya jukwaa.

Nyuma palikuwa na nyaya, makreti, mbwa mmoja amelala. Groupe nyekundu ilikuwa inatetemeka juu ya matofali. Tonton alikuwa amechuchumaa kando yake, mikono imejaa mafuta. Yule mtu wa kuita majina aliteremka, akanywa maji kwenye chupa, akampa Tonton mkono, akamwambia kitu sikioni, akapanda tena. Tonton alisimama juu ya kreti. Alinyoosha shingo, akaweka kiganja juu ya macho, akawa anaangalia umati, huku na huku, kama mtu aliyepotelewa. Baba hakuwapo. Niliangalia hata ndani ya tundu la bafle.

Niliporudi mama alikuwa ameshakunja mkeka. Alinishika mabega kwa mikono ya mafuta.

"Uliona nani kule nyuma?"

"Tonton."

"Na nani?"

"Anamutafuta Papa," nikasema. "Anaangalia kila upande."

Ndivyo nilivyoona. Leo ningeapa mahakamani kwamba ndivyo nilivyoona.

Tulitoka. Mwimbaji alikuwa katikati ya wimbo, na getini mlinzi alimwambia mama kwamba akitoka harudi. Mama alipita kama hakusikia. Tulitembea kwa miguu kutoka Karavia, yeye ameshika viatu mkononi, na kila mwanaume mrefu aliyetokea mbele yetu alifanya vidole vyake vibane vyangu. Watu waliotoka kanisani walitutazama. Hakulia. Aliambiwa asilie.

Tonton alikuja jioni. Alisimama mlangoni na mdomo wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu.

"Yaya, mulikimbia. Ulisikia ile..."

"Delphin," mama alimkata. "Ile siku, tusiiseme tena. Hata kidogo."

Tabasamu likashuka. Tonton aliangalia chini. "Pardon, yaya," alisema. "Nilifikiri itakuwa muzuri."

Mama aliingia chumbani akafunga mlango. Kesho yake alikwenda kwa ndugu za baba, akarudi na koti la kahawia, akalianika juani.

Ameendelea kulianika kila kiangazi. Halijavaliwa na mtu, lakini anaangalia vifungo. Nimesoma sheria, tulifundishwa kuhusu mtu asiyejulikana aliko, jinsi anavyokaa kati ya walio hai na wafu mpaka jaji aseme. Darasani niliandika kila kitu kwa rangi mbili, na wakati wote nilikuwa nalifikiria koti kwenye kamba. Mama hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mimi. Alinieleza nilipokua, kwa sauti ya chini: baba yuko hai, ana sababu zake, labda deni, labda aibu ya lori la watu, labda kuna watu wanaomtafuta. Hawezi kuja bado. Lakini alikuja karibu siku moja, akamwomba yule mtu, na hata Tonton alijua, ndiyo maana aliomba msamaha. Nilimwamini. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake.

Basi rudi uani kwetu, siku ya talki. Nimesimama mlangoni na harufu zile. Tonton, ambaye sasa ana kitambi na mke asiyelala sakafuni, alikuwa anawasimulia rafiki zangu habari za groupe yake. Mama alikuwa jikoni.

"Hii munaicheka," aliwaambia, "hii ilishaimbisha bantu wakubwa. Karavia, groupe yabo ilikufa asubuhi, yangu njo ilifanya kazi. Ule atalaku ananiuliza, patron, tukutupie jina gani? Miye namuambia, uache yangu, utupe ya yaya yangu. Munyu ya Kipushi. Umuambie aache kulia."

Rafiki zangu walicheka. Mimi nilisikia talki ikikauka usoni.

"Tonton," nikasema, "ile jina uliijua wapi?"

"Munyu ya Kipushi?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si nililalaka mu chumba ya nyuma kabla uzaliwe. Ukuta ilikuwa kama karton. Baba yako alikuwa anaita, Munyu ya Kipushi, leta maji, parcelle yote, ua muzima, inasikia. Hata ba jirani balikuwa bakimuita vile wakati haiko." Kisha akashusha sauti. "Lakini mama yako alikasirika. Nilijua nilikosa. Mujane, matanga imetoka tu, miye natangaza jina yake mbele ya bantu. Nilipanda hata juu ya kreti nione kama anacheka. Sikumuona."

Nilirudi ndani nikaketi kitandani na talki yangu. Nilikuwa najisikia kama mtu aliyekaa miaka yote kwenye kiti na sasa anaambiwa hakijawahi kuwapo. Alikuwa anamtafuta mama. Alikuwa anatafuta uso mmoja katika umati mzima ili auone umefurahi, na mimi nilikuwa nimesimama chini yake, nikamwona, nikaelewa kitu kingine.

Tangu hapo ni usiku. Nimepanga maneno, nikayapangua. Nilifikiri nimlete Tonton aseme mwenyewe. Lakini Tonton angelia, na mama angeanza kumtunza yeye. Nilifikiri ningoje Papa Kambale aondoke, kisha nikasema huo ni woga wenye sura ya heshima. Nilifikiri labda mama ana furaha. Kisha nikakumbuka kisigino chake. Nilijaribu kukumbuka kama nimewahi kukiona tena kikitikisika tangu Karavia, na sikupata siku hata moja.

Hapo nikaamua. Sikuamua kwa sababu ukweli ni kitu kizuri. Sijui kama ni kitu kizuri. Niliamua kwa sababu anasubiri kwa ushahidi wangu, na ushahidi umebadilika.

Jumapili asubuhi alikuwa uani, anapepea makala kwenye mbabula. Koti lilikuwa kwenye kamba. Papa Kambale alikuwa bado hajafika. Nilichukua kigoda nikaketi karibu naye, karibu sana, magoti yetu yakagusana.

"Mama, ile jina ya Karavia. Si Papa njo aliomba banaitupe. Ni Tonton."

Aliendelea kupepea. Makala yakawa mekundu, yakawa meupe. Nikamweleza groupe, nikamweleza ukuta wa chumba cha nyuma, nikamweleza kwamba jina lile majirani wote walilijua. Upepeo ukapunguza mwendo, ukasimama. Rangi iliondoka usoni mwake kama siku ile, kwanza midomoni, na mimi nikashika kigoda kwa mikono miwili ili nisikimbie.

Alilitazama koti muda mrefu. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ile ile ya mkekani:

"Uliona nani kule nyuma?"

"Tonton."

"Na nani?"

"Na groupe yake, mama. Na ule muntu wa kuita ma jina, anamupa mukono. Tonton alipanda juu ya kreti, anaangalia upande yetu. Ni weye alikuwa anakutafuta. Hakukuwa muntu mwingine."